Alama za Penseli

Niliinunua kwenye mnada wa hoteli iliyofungwa,
kwa bei ya chuma chakavu, pamoja na feni mbili mbovu.
Dalali alidhani ni friji. Kisha akadhani ni jeneza la kioo.
Mkokoteni wa Kitsao ukaileta hadi Maweni
miguu minne juu, kama mbuzi wa sikukuu.

Ni mchezo wa gololi. Gololi ya chuma,
kubwa kama kungumanga,
unaivutia springi, unaachia,
inapanda mlima, inashuka ikigonga miji:
Roma, pointi kumi. Rio, pointi kumi.
Kairo hamsini, taa ikiwa imewaka.
Kwenye kioo cha mbele mwanamke wa kofia pana
anashuka ngazi za ndege, mkononi sanduku jekundu,
na nyuma yake ufuo, mchanga mweupe, mnazi mmoja.
Nimeutazama sana ule mnazi.
Aliyeuchora hakuwahi kuona nazi:
amezining'iniza kwenye ncha za makuti.

Haina kompyuta. Mwanangu aliuliza chipu iko wapi.
Ina koili, ina swichi za majani ya shaba,
ina mota moja inayozungusha magurudumu yenye meno,
na nyaya zilizovikwa uzi wa pamba, kila mmoja na rangi yake,
ambazo ukizinyoosha pengine zingefika Watamu.
Ukiiwasha hunguruma kidogo, tak, tak-tak,
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Chumvi ilikuwa imekula midomo ya swichi.
Nilizisugua moja moja kwa tupa ya kucha,
wiki tatu, kila nikishafunga kibanda changu cha redio,
nikitoa sisimizi, mayai ya mjusi,
sarafu ya lira mia, kibanio cha nywele.

Ndipo nikainua ubao wa mchezo.
Upande wa chini, mahali ambapo mgeni hafiki,
penseli:

        Charo jikoni 2,140
        Mbodze 3,300
        Charo 3,310 (mstari chini yake, mara mbili)
        mlinzi wa geti, siku ya mvua, 890
        Mbodze 5,020
        Mbodze 6,470

Mbodze ni mama yangu.
Miaka kumi na tisa alifua mashuka ya hoteli ile
na kutuambia mashine ya wageni haiguswi.
Hakuwahi kupanda ndege. Hakuwahi kusema anatamani.
Pasipoti alizikuta mifukoni mwa suruali,
akazitoa kabla ya maji, akazirudisha zikiwa kavu.

Jumapili nikamwita. Akasimama mlangoni na leso yake,
akasema, Mnajaza takataka nyumbani.
Nikasema, Mama, hesabu yako iko hapa chini.
Akanyamaza. Akaweka mkoba sakafuni.
Kisha mikono ikaenda yenyewe,
ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia,
vidole vikaangukia vitufe bila kuvitafuta.

Ukiitikisa sana, mashine hii huzira:
taa hufa, kengele hunyamaza, safari imekwisha.
Yeye aliisukuma kwa nyonga, kidogo tu,
kama anavyofunga kabati lake bovu,
na gololi iliyokuwa inaelekea shimoni
ikageuka, ikarudi Kairo.
Kengele. Kengele. Na ile kengele ndogo.

"Tulikuwa tunaziziba kwa soksi za wageni," akasema,
macho hayabanduki kwenye kioo,
"meneja asiamke."

Huenda tezi, huenda omo, marejeo ni ngamani:
hilo gololi nayo inalijua.
Ikaporomoka katikati ya vibawa viwili.
Mama akafyonza.

Gurudumu la maelfu lilikwama kati ya sita na saba.
Sijalitengeneza bado.
Akainama, akalitazama kama karani wa forodha.
"Saba," akasema. "Ni saba hiyo.
Hebu nipe penseli."